Isizidi Chumvi ya Machozi

Kwa miaka minne Carmen Ngendakumana alionja maji ya chumvi kila asubuhi kabla hajaonja kitu kingine chochote. Lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, kila kijiko kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Nesi mmoja ndiye aliyemfundisha, wakati mwanawe Ishimwe alipokuwa na wiki tano na kuharisha hakujakoma tangu azaliwe. Ukishakoroga, nesi alimwambia, onja wewe kwanza. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya.

Basi alionja. Baadaye hakuhitaji hata kijiko. Alitia chumvi kwa vidole vitatu, akagusisha ulimi, akajua. Na Ishimwe alipoanza kuelewa mambo, hakunywa mpaka amwone mama yake amekunywa fundo moja. Akiletewa kikombe chake cha plastiki cha bluu, alikitazama, akakirudisha. "Onja kwanza," alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu mwenye madaraka. Ukimdanganya kwa kugusisha midomo tu, alijua.

Ulikuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao. Utumbo wake haukuweza kushika maji. Kilichoingia kilitoka, na kilitoka na chumvi ya mwili. Katika hospitali kubwa kule Mwanza walimpitishia mpira wenye kamera, wakanyofoa vipande vya utumbo vidogo kama jicho la dagaa. Daktari akamwomba Carmen kipande kimoja kibaki kwa ajili ya utafiti. Kutoka humo, alisema, wataalamu wangeweza kuchukua seli shina, zile seli zinazozaa nyingine, na kuziotesha. Carmen akatia sahihi. Siku ile angetia sahihi karatasi yoyote ambayo ingewekwa mbele yake.

Ishimwe aliishi miezi saba zaidi. Alifariki Aprili ya mwaka jana, akiwa na miaka minne na miezi miwili, asubuhi, kikombe kikiwa nusu.

Carmen hakulia. Hakulia msibani, hakulia kaburini, wala zile siku za mwanzo nyumbani ambapo wanawake wa mtaa wao wa Bangwe, mjini Kigoma, walijaa uani. Walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza. Ilikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua lipo, unaligusa, unakuta ni la mtu mwingine. Alipika, alifua, aliitika hodi. Aliwaza kwamba labda ganzi ile itakwisha saa fulani, akawa anaingoja kama mtu anavyongoja umeme urudi, kisha akasahau kuwa anangoja.

Na ulimi ulikufa upande wa chumvi. Hilo aligundua kupitia kwa wengine. Mume wake Castory, fundi wa injini za boti pale mwaloni, wanakoshusha samaki, alikula samaki wake wa mgebuka kimya na kunywa maji bakuli zima. Jirani yao Saumu hakuwa mtu wa kunyamaza. Siku moja alionja maharage ya Carmen, akaitua sahani. "Shoga, unatupikia au unatukausha tuanikwe?" Watu wakacheka, na Carmen naye akacheka, kwa kuwa aliwaona wanacheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa imesimama. Mama mkwe wake, Eufrasia, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa msichana, na katika vitu vichache alivyovuka navyo, desturi ilikuwa ndiyo ambayo hakuwahi kuipunguza. Mtu akifa, nyumba inaingia kwenye kugandara. Hamna kupanda, hamna kuoa, na mume na mke hawalali pamoja, mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo ndugu wanakutana, wanapitisha urwarwa, pombe yao ya ndizi, mkubwa wa ukoo anasema maneno ya kumwachia marehemu njia, na kesho yake jembe linarudi shambani. Kwa mtoto mdogo wengi hawangoji muda mrefu. Lakini Ishimwe alibeba jina la kati la babu yake, kwa hiyo Eufrasia alisema utangojwa mwaka mzima, kisha akapanga Juni ya mwaka huu.

Mwezi Mei simu ikalia.

Aliyepiga alikuwa Hasna Chande, binti wa Ujiji, fundi wa maabara katika mradi wa utafiti uliokuwa umefungua chumba cha kazi Rusimbi, ndani ya kontena mbili zilizounganishwa. Seli za Ishimwe zilikuwa zimeletwa kutoka Mwanza zikiwa zimegandishwa, na sasa zilikuwa zimeamshwa. Kazi ya Hasna siku ile ilikuwa kuwapigia wazazi wa sampuli kumi na nane na kuwasomea sentensi moja iliyoandikwa kwenye karatasi: sampuli namba fulani imehuishwa na inaendelea vizuri. Hasna ana sauti ya kumfanya mtu ainame ili amsikie, na moyo wake mwepesi. Alipofika namba kumi na nne, aliona jina la mama, akaona na tarehe ya kifo, na ile sentensi ikamkwama. Pale maabara walizoea kuviita vile vitu watoto, kwa sababu vinalishwa kila baada ya siku mbili na havijui Jumapili wala Idi. Basi akasema, "Mama Ishimwe, nilitaka tu ujue. Mtoto anaendelea vizuri. Anakula, anakua."

Carmen akamshukuru. Hakusikia kitu, si furaha wala uchungu. Aliendelea kusonga ugali, na ulipoiva ndipo alipomweleza mama mkwe, kama mtu anavyofikisha salamu.

Eufrasia alikuwa anapepeta mbegu za mahindi. Aliuweka ungo chini.

"Anakula?"

"Ndivyo alivyosema."

"Amesema anakula, kwa kinywa chake?"

"Ego, Mabukwe," Carmen alijibu kwa Kirundi, ndiyo, mama mkwe. "Kwamba anakula na anakua."

Jioni ile Eufrasia alituma ujumbe kwa ndugu walioko Kasulu kwamba safari ya Juni isimame. Castory alipojaribu kumweleza kuwa ni seli tu, mambo ya kitaalamu, alimjibu kwamba yeye hajui seli, anajua kula. Huwezi kumgandukia mtu anayekula. Utamwambia aende wapi na sahani iko mbele yake?

Kwa hiyo Juni ikapita, na kiangazi chote kikapita. Mbegu zikabaki kwenye kikapu. Kikombe cha bluu kikabaki kwenye msumari wake karibu na mlango wa jiko. Castory akabaki na godoro lake sebuleni, ambalo kila asubuhi alilikunja na kulificha nyuma ya kochi ili wageni wasilione, na wageni wote walijua liko pale. Wakati mwingine alisimama mlangoni mwa chumba, akamuuliza Carmen kama kuna kitu anahitaji. Carmen alisema hapana, na ilikuwa kweli.

*

Wiki ya tatu ya Oktoba, mvua za kwanza zilipokwisha kulowesha shamba lisilopandwa, Hasna alikuja mwenyewe na bahasha. Alimwamkia Eufrasia shikamoo akiwa amepiga goti nusu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaanza kueleza akitazama mikono yake.

Ile ridhaa aliyoitia sahihi Carmen kule Mwanza ilikuwa ya muda maalumu, na mwisho wake ni tarehe thelathini na moja ya mwezi huu. Kuna fomu mpya. Mama akitia sahihi, kazi inaendelea. Asipotia, hakuna atakayemlaumu. Mradi utasimamisha kila kitu kilichotokana na sampuli kumi na nne, pamoja na kilichogandishwa, na kuviteketeza kwa mvuke. Uamuzi ni wa mama peke yake.

"Kwa hiyo ukitia sahihi anaendelea kula," Eufrasia alisema.

Hasna akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nani, bibi?"

"Mjukuu wangu. Wewe si ndiye uliyesema?"

Ndipo Hasna alipoyatazama yale yaliyokuwa mbele yake tangu aingie: mbegu kwenye kikapu, na godoro ambalo siku ile Castory hakuwahi kulificha vizuri. Carmen alimweleza, kwa sauti ileile ambayo angemweleza mtu njia ya kwenda sokoni, kwamba nyumba haijaganduka tangu ile simu. Binti wa watu akabadilika rangi. Alisema kwamba alikusudia kitu kingine, kwamba ni namna tu ya kusema, kwamba si mtoto, bibi, ni vitumbo, vitumbo vidogo vinavyooteshwa.

"Vya nani?"

"Vya... vilitoka kwake."

"Vinakula?"

Hasna hakujua kudanganya. "Vinakula," alisema.

Eufrasia akainua mabega. "Basi mwambie arudi nyumbani, au aache kula. Sisi tumechoka kusimama mlangoni."

Hasna alipoondoka, mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu ndani ya nyumba ile, na uwazi wake haukumsaidia Carmen. Akitia sahihi, Ishimwe atakuwa mtu asiyekufa vizuri, na nyumba itagandara mpaka haijulikani lini. Asipotia, nyumba itafunguka, na itakuwa ni yeye, mama yake, kwa kalamu, aliyemnyima chakula. Castory alisema lolote atakaloamua yuko upande wake. Alisema kwa upendo, na neno lake lilimwacha Carmen palepale. Aliingiza mkono ndani yake mwenyewe, kama unavyopapasa chini ya mkoba ukitafuta ufunguo, akitafuta anachokitaka. Mkono ukatoka mtupu.

Jambo moja tu aliweza kulisema. Alimpigia Hasna siku iliyofuata. "Nataka kukiona," alisema, kisha akajisahihisha: "Kumwona."

*

Daktari Mwinshehe, mkuu wa maabara, alikubali aje Alhamisi. Eufrasia alikataa kwenda. Alisema hawezi kumsalimia mjukuu kwenye kontena. Lakini Carmen alipokuwa anafunga kanga ya pili, mama yule alitoka jikoni na chupa ndogo ya maji, tupu na safi.

"Mkorogee umpelekee, mukazana," alisema, akimwita mkaza mwana wake kwa Kirundi. "Hao hawajui kipimo chake."

Carmen hakubishana. Alipima lita moja kwenye jagi, akatia sukari, akatia chumvi kwa vidole vitatu. Akaonja. Yalikuwa maji. Aliongeza? Hakuongeza, aliviamini vidole, kwa kuwa ulimi ulikuwa hausemi. Akajaza chupa, akapanda bajaji hadi Rusimbi, chupa ikiwa mapajani.

Ndani ya kontena kulikuwa na baridi na harufu ya spiriti. Walimvisha koti jeupe na viatu vya plastiki. Hasna alimwonyesha kabati la chuma lenye kioo, inkubeta, akamweleza kwamba humo ndani ni joto la mwili wa mtu, usiku na mchana. Umeme ukikatika jenereta inawaka yenyewe. Carmen aliitikia kwa kichwa. Kisha akatoa chupa.

"Bibi yake amesema nimletee."

Hasna aliipokea kwa mikono miwili. Alijua ni nini. Kila mtu Kigoma aliyewahi kukaa karibu na kipindupindu anayajua maji yale. Alisimama nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa upole mwingi alieleza kwamba hawezi kuwapa, kwamba vile vitu vina chakula chao maalumu, na tone moja la nje lingeviua vyote. Akamfungulia friji na kumwonyesha: chupa zenye maji ya rangi ya waridi. Humo mna sukari, mna chumvi za aina kadhaa, mna vitu vya kuziambia seli shina ziendelee kuzaa.

"Kumbe na nyie ni chumvi na sukari," Carmen alisema.

"Ndiyo, Mama Ishimwe. Kwa sehemu kubwa."

"Nani anaonja?"

Hasna alifunga friji. "Hakuna anayeonja. Inapimwa na mashine."

Carmen alilitafakari hilo. Kisha akaomba aonyeshwe.

Hasna alitoa kisahani chenye vishimo sita, akakiweka chini ya hadubini, akamrekebishia. Mwanzoni Carmen aliona kope zake mwenyewe. Halafu viduara vikatokea. Vilikuwa kama mayai ya samaki, au kama povu la sabuni kwenye beseni, vimebanana ndani ya tone la ute, vyenye kuta nyembamba na katikati tupu. Vingine vilikuwa na vichipukizi pembeni, kama tangawizi. Havikusogea. Alingoja. Alijipa muda mrefu, kwa sababu alidhani huenda kitu kinachelewa tu njiani, na kikifika atakitambua. Alitazama mpaka jicho likachoka. Hakikufika kitu.

"Vimevimba," alisema, ili aseme jambo.

Hasna alimweleza kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Utumbo wa mtu mwenye afya, ukioteshwa hivi, haujai maji kiasi hiki. Hivi vya Ishimwe vinamwaga maji ndani yake vyenyewe mpaka vinakuwa puto; vinaumwa kama alivyoumwa yeye. Ndiyo sababu vina thamani. Akabadilisha kisahani. Kwenye hiki, walikuwa wametia dawa fulani ya majaribio tangu jana asubuhi. Carmen akainama tena. Viduara vilikuwa vidogo, vimetulia, vimejikunja kidogo kama tumbo la mtoto aliyelala.

Hakuondoa jicho kwenye hadubini.

"Ingemfaa?" aliuliza.

"Sijui," Hasna alisema. Macho yalikuwa yamemjaa, naye akawa anayapepesa yasimwagike juu ya meza ya kazi. "Hatujui bado. Si dawa ya watu bado. Inaweza kuchukua miaka. Inaweza isiwe."

Carmen alimwonea huruma binti yule, huruma ya mbali, kama unavyomwonea mtu uliyemwona dirishani. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kugawanya, na kazi haikuweza kungoja. Hasna aliuliza kama mgeni angependa kupumzika nje. Carmen alisema atakaa.

Akatazama. Hasna alivuta vile viduara kutoka kwenye kishimo kwa mrija mwembamba, akavisukuma nje na kuvivuta ndani, mara ishirini hivi, mpaka vikavunjika vipandevipande. Alivizungusha kwenye mashine ndogo, akavichanganya na ute mpya wa baridi, akavidondosha kwenye kisahani kipya, tone kwa tone. Kila kipande, alisema, kitajifunga chenyewe na kuwa kitumbo kizima ndani ya siku chache. Kimoja kinazaa sita, saba. Vishimo vilipojaa, mrijani kulikuwa kumebaki vipande vingi. Hasna akaelekeza mrija kwenye kopo lililokuwa pembeni, lenye jiki, akabonyeza.

Carmen akanyoosha shingo. "Na hivyo vilivyobaki?"

Mkono wa Hasna ulisimama hewani. Alikuwa ameifanya kazi ile kwa mazoea, na sasa tu alikumbuka nani amekaa nyuma yake.

"Ni ziada," alisema kwa sauti iliyokuwa karibu kuzimika. "Haviwezi kuenea vyote."

"Unavimwaga kila wiki?"

"Kila wiki."

"Tangu Mei."

"Tangu Mei, Mama Ishimwe. Nisamehe."

Carmen alihesabu. Wiki ishirini na tatu. Mara ishirini na tatu vilivunjwa, vikagawanywa, vikamwagwa kwenye kopo, na kila mara ile Alhamisi yeye alikuwa Bangwe anafua au anapika maharage ya chumvi nyingi, na hakuna kilichomshtua. Hakuamka. Hakuitwa. Alijiuliza kama hilo ndilo lingemvunja, akaona si hilo pia. Badala yake alimwona Ishimwe, vizuri kabisa, kuliko alivyomwona kwa miezi. Alimwona amekaa kwenye kizingiti na kikombe cha bluu, amekunja uso, anamrudishia. Kulikuwa na mmoja tu. Siku alizolazimika kwenda mwaloni kumpelekea Castory chakula, hakuweza kumwacha nusu nyumbani na kuondoka na nusu. Akiwa kwa bibi, hakuwa kwake. Na asingekunywa hata tone la maji ya waridi ambayo hakuna mtu aliyeonja.

"Vinakubali tu," alisema.

"Samahani?"

"Chakula. Mnavipa, vinakunywa. Haviulizi kitu."

"Haviwezi kuuliza. Havina neva, havina kichwa. Ni utumbo peke yake."

"Basi," Carmen alisema.

Hasna alivua glavu, akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Alisema kwamba ni yeye aliyesababisha, kwamba karatasi ilimwambia aseme sampuli, naye hakuweza kumwambia mama neno lile. Hajalala vizuri tangu siku aliyoliona lile godoro.

"Ulinihurumia," Carmen alisema. "Ila usimwambie mwingine hivyo. Usiseme mtoto. Sema utumbo wake. Utumbo wake nitausikia, na nitaelewa."

Kisha akaomba fomu. Aliisoma yote, kurasa nne, kwa sababu mara ya kwanza hakuisoma. Palipoandikwa jina la mtoaji wa sampuli, waliacha nafasi, wakaweka namba kumi na nne. Alitia sahihi chini, akarudisha kalamu, akachukua chupa yake.

*

Eufrasia alikuwa uani anachambua mchicha. Aliiona chupa kabla hajamwona aliyeishika.

"Hakunywa?"

"Hayupo pale, Mabukwe."

"Umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Basi anakula bado." Mama yule alirudi kwenye mchicha wake, vidole vikienda haraka. "Umetufunga, mukazana. Umetufunga na kamba."

Carmen aliketi kwenye kigoda mbele yake. Hakuwa na hasira wala haraka. "Ni utumbo wake," alisema. "Unafanya kazi kule, kama jembe la mtu linavyoweza kulima shamba la mwingine akiwa ameshaondoka. Wanaulisha. Hauombi. Wanauvunja kila Alhamisi na kuugawa, na unaobaki wanaumwaga. Nimekaa pale wakiulisha kwa maji ambayo hakuna mtu aliyeonja, na umekunywa."

Vidole vya Eufrasia vikasimama.

"Umekunywa bila kuonjewa?"

"Bila kuonjewa."

Kuku alipita kati yao, akadonoa shina la mchicha, hakuna aliyemfukuza. Huyu bibi ndiye aliyekuwa anakaa na Ishimwe kila Carmen akitoka. Mara ngapi alishinda ameshika kile kikombe, anapiga mafundo ya uongo, na mtoto anamtazama tu.

"Oya," alisema mwishoni, hapana ya Kirundi, polepole, akitikisa kichwa. "Huyo si yeye."

Baadaye, wakiwa wanasonga ugali, aliongeza jambo ambalo Carmen hakuwahi kulisikia. Alipovuka, alimwacha mdogo wake wa kiume ng'ambo, njiani, hawakurudi kumzika. Waliganduka bila kuuona mwili wake, naye akaapa kwamba mwingine hatamwachia njia mpaka awe na hakika amekwisha kwenda. "Nilitaka hakika," alisema. "Ona nilichokufanyia." Hakuomba radhi zaidi ya hapo, na Carmen hakuhitaji.

Ndugu walifika Jumamosi ya wiki iliyofuata kwa basi la asubuhi kutoka Kasulu. Walikaa uani, urwarwa ikapita kwenye mkono wa kila mtu, na mjomba mkubwa akasema maneno, kwa Kirundi kwanza na kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya majirani. Alimwambia Ishimwe kwamba njia iko wazi, na kwamba utumbo wake aliowaachia madaktari ni kazi aliyoianza, wataimaliza wengine. Hilo Castory ndiye aliyemwomba aliseme. Saumu alinong'ona kwamba afadhali, maana yule kaka na godoro lake alikuwa anatia huruma hadi kuku. Eufrasia aliinuka, akakitoa kikombe cha bluu kwenye msumari, akakisuuza, akamchotea maji mtoto wa mpwa wake aliyekuwa analia kiu. Mtoto akanywa bila kutazama, akakiacha chini.

Carmen aliyaona yote. Alikuwa palepale, na bado yote yalimfikia kama sauti za watu walio nyumba ya tatu. Alirudi jikoni, ambako sufuria la maharage lilikuwa linachemka kwa ajili ya wageni. Eufrasia alimfuata, akatia chumvi, akakoroga, akachota kidogo kwenye mwiko, akampa.

"Onja."

Carmen alipuliza. Akaonja. Alisimama na mwiko mdomoni, akameza, akaonja tena.

"Imezidi," alisema.

Eufrasia alimtazama. "Imezidi nini?"

"Chumvi, Mabukwe. Imezidi kidogo."

Eufrasia alichukua jagi, akaongeza maji kwenye sufuria taratibu, akiwa amempa mgongo, kisha akachota tena na kumnyooshea mwiko. Nje walikuwa wanamwita Castory aje aseme lini jembe linaingia shambani, naye alikuwa anajibu kwamba kesho, mvua ikikubali. Carmen alipokea mwiko, akapuliza.